Ahadi ya Barunga, rimiksi ya Melbourne: uchambuzi wa kisa cha wimbo "Treaty"

Katikati ya mwaka 1991 bendi ya Yothu Yindi, ya kaskazini mashariki mwa Arnhem Land nchini Australia, ilitoa wimbo wa kudai mkataba kati ya Waaborijini, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, na serikali. Uliitwa "Treaty". Wanabendi waliutunga pamoja na Waaustralia weupe wawili waliokwisha kupata umaarufu mkubwa: Paul Kelly, na Peter Garrett wa bendi ya Midnight Oil. Umaarufu huo haukusaidia kitu. Redio ziliupita wimbo, na wanunuzi nao wakaupita. Kisha watu wa klabu za usiku za Melbourne waliojiita Filthy Lucre, yaani Gavin Campbell, Robert Goodge na Paul Main, wakauchukua, wakaukatakata na kuujenga upya kwa mapigo ya disko. Kabla ya mwaka kwisha ulikuwa umefika nafasi ya 11 katika chati ya taifa. Baadaye ukapanda hadi nafasi ya 6 kwenye chati ya klabu ya Billboard nchini Marekani. Hakuna wimbo wenye lugha ya Waaborijini uliokuwa umefika mbali hivyo.

Kwa kawaida kisa hiki husimuliwa hadi hapo tu, kama hadithi ya ushindi. Lakini toleo lililopendwa lilikuwa limepunguzwa sehemu kubwa ya mashairi ya Kiingereza, na mashairi hayo ndiyo yaliyobeba dai: kiongozi wa nchi alitoa ahadi mbele ya watu, runinga ikaonyesha, redio ikatangaza, kisha hakuna kilichofanyika. Watu walicheza usiku kucha wimbo wa kudai deni bila kusikia deni ni la nani.

Ndani ya wimbo huu mmoja kuna ushirikiano wa aina mbili kati ya wasanii wa asili na wasio wa asili. Wa kwanza ulijengwa taratibu, kwa masharti ya wenyeji. Wa pili bendi iliuridhia, lakini kazi yenyewe ikafanyika studio bila wao. Tukiuchanganya ushirikiano huo tukauita "tamaduni zimekutana", hatutaona kilichofanya kazi wala kilichopotea.

Deni lenyewe

Mwaka 1988 Australia ilikuwa ikisherehekea miaka 200 tangu meli za Waingereza zitie nanga Sydney. Kwa Waaborijini wengi hiyo ilikuwa kumbukumbu ya kuvamiwa. Mwezi Juni, katika tamasha la Barunga karibu na mji wa Katherine, viongozi wawili walimkabidhi Waziri Mkuu Bob Hawke tamko la madai. Mmoja alikuwa Galarrwuy Yunupingu wa Baraza la Ardhi la Kaskazini, na mwenzake Wenten Rubuntja wa Baraza la Ardhi la Kati. Tamko lilidai haki ya kujitawala, haki ya ardhi, na mkataba. Hawke akajibu kwamba mkataba utakuwapo kabla ya kipindi hicho cha bunge kwisha. Mwaka 1990 ukafika, ukapita.

Galarrwuy alikuwa kaka wa Mandawuy Yunupingu, mwimbaji mkuu wa Yothu Yindi. Kwa hiyo bendi haikuwa ikiimba habari iliyosomwa gazetini. Iliimba ahadi iliyotolewa kwa ndugu yao, na kwa Wayolngu, Waaborijini wa kaskazini mashariki mwa Arnhem Land, mambo ya ardhi hayatenganishwi na mambo ya ukoo.

Umbo la tamko hilo lina uzito katika kisa hiki. Lilikuwa ubao. Katikati yake palibandikwa karatasi yenye maandishi ya Kiingereza, na pande zote likazungushiwa michoro: upande mmoja mistari iliyopishana ya Wayolngu, upande mwingine nukta na duara za watu wa jangwa la kati. Umbo hilo halikubuniwa Barunga. Mwaka 1963, serikali ilipoitengea kampuni ya madini zaidi ya kilomita za mraba 300 za ardhi ya Wayolngu bila kuwauliza, wazee wa kijiji chao cha Yirrkala walituma bungeni Canberra hati za magome ya miti. Maombi yalipigwa taipu kwa lugha yao na kwa Kiingereza, yakabandikwa katikati, na michoro ya koo ikazunguka pembeni. Bunge liliunda kamati, kamati ikapendekeza fidia na ulinzi wa sehemu takatifu, na mgodi ukachimbwa vilevile.

Wabunge wengi waliyachukulia maandishi kuwa ndiyo hoja, na michoro kuwa pambo. Kwa Wayolngu ilikuwa kinyume, au tuseme vyote viwili vilikuwa hoja, ila michoro ndiyo hati ya umiliki. Mchoro wa ukoo hutaja mahali fulani, mababu walioumba mahali hapo, na watu wenye haki ya kupasemea. Nyimbo za koo, manikay, hufanya kazi hiyohiyo kwa sauti. Wazee walijaribu kulieleza jambo hili mahakamani dhidi ya kampuni ya madini ya Nabalco. Mwaka 1971 Jaji Blackburn alikiri kwamba Wayolngu wana mfumo wa sheria ulio wazi na madhubuti, kisha akaamua kwamba sheria ya Australia haiutambui kuwa umiliki wa ardhi.

Utazame "Treaty" kwa jicho hilo. Wimbo una mashairi ya Kiingereza yanayosema dai kwa lugha ambayo Waziri Mkuu anaielewa. Kiingereza hicho kimezungukwa na kuimba kwa Kigumatj, lugha ya ukoo wa Mandawuy, pamoja na yidaki, baragumu refu la mti, na bilma, vijiti vya kugonganisha. Kwa maoni yangu huu ni mfululizo uleule: magome ya 1963, ubao wa 1988, wimbo wa 1991. Karatasi katikati, michoro pembeni. Sijaona njia nyingine ya kuusoma inayoeleza vizuri kwa nini wimbo uligawanywa hivyo, na kwa nini rimiksi iliugusa pabaya.

Bendi ilivyosukwa

Yothu Yindi ilianza mwaka 1986 kwa kuunganishwa makundi mawili. Moja lilikuwa Swamp Jockeys, bendi ya roki ya Balanda, kama Wayolngu wanavyowaita weupe. Humo walikuwamo Stuart Kellaway na Cal Williams. La pili lilikuwa kundi la Wayolngu: Mandawuy, Witiyana Marika, Milkayngu Mununggurr, na baadaye kijana asiyeona aliyepiga karibu kila ala, Geoffrey Gurrumul Yunupingu.

Wayolngu hugawanya ulimwengu wote, watu, wanyama, ardhi na nyimbo, katika pande mbili, Dhuwa na Yirritja. Mtu wa upande mmoja huolewa upande mwingine, na mtoto huwa na wajibu wa kusimamia mambo matakatifu ya ukoo wa mama yake. Jina la bendi linataja uhusiano huo wa mtoto na mama. Wagumatj kina Yunupingu ni Yirritja. Warirratjingu kina Marika ni Dhuwa. Maana yake ni kwamba kabla mzungu wa kwanza hajachomeka gitaa, bendi ilikuwa tayari na utaratibu wa kushirikiana kati ya watu wasiofanana: nani mwenye wimbo, nani msimamizi wake, nani aulizwe kabla haujaimbwa hadharani. Balanda waliingia katika nyumba yenye sheria zake.

Mandawuy mwenyewe alikuwa mwalimu. Alipata shahada ya elimu Chuo Kikuu cha Deakin mwaka 1988, na mwaka 1990 akawa mkuu wa shule ya Yirrkala, Mwaborijini wa kwanza nchini Australia kushika cheo cha namna hiyo. Shuleni yeye na wenzake walikuwa wakitumia fikra ya Wayolngu iitwayo ganma: mahali ambapo maji ya chumvi kutoka baharini hukutana na maji baridi kutoka bara. Maji yanachanganyika juu juu na kutoa povu, lakini kila mkondo una chanzo chake na hakuna unaomeza mwingine. Waliitumia kupanga masomo ya hesabu, jambo ambalo wageni huliona la ajabu kuliko kuipangia muziki. Ukisikiliza bendi ukiwa na ganma kichwani, utaelewa kwa nini albamu zao zina nyimbo za roki zikifuatwa ghafla na manikay tupu, bila gitaa, bila kuomba radhi. Mikondo miwili imeachwa ionekane.

Haikuwa bendi ya kwanza kuchanganya. Warumpi Band ya Papunya, aliyokuwamo mwalimu mweupe Neil Murray na George Rrurrambu Burarrwanga wa Elcho Island, ilitoa mwaka 1983 wimbo wa roki kwa Kiluritja, lugha ya Waaborijini wa jangwa la kati. Midnight Oil walizunguka vijijini pamoja nao mwaka 1986, na mwaka 1988 wakaichukua Yothu Yindi kwenye ziara ya Marekani na Kanada. Kwa hiyo Garrett hakutokea tu na kalamu mwaka 1991. Alikuwa amekwisha kukaa nao barabarani, na kukaa kama mgeni pia. Kelly naye mwaka huohuo alitoa wimbo aliotunga pamoja na Kev Carmody, mwimbaji Mwaborijini, juu ya mgomo wa Waaborijini Wagurindji wa 1966. Hawa walikuwa watu waliozoea kuambiwa subiri.

Kilichowekwa mezani

Ushirikiano wa kwanza ulifanya kazi kwa sababu moja kubwa: wenyeji ndio walioamua kipi kinashirikiwa na kipi hapana.

Sehemu ya Kigumatj katika "Treaty" haikutoka katika manikay. Ilijengwa juu ya djatpangarri, mtindo wa vijana wa Yirrkala uliovuma takriban kuanzia miaka ya 1930 hadi ya 1970. Djatpangarri ni muziki wa burudani. Ina mapigo mepesi ya bilma na mambo ya kila siku, na maneno yake mengine ni ya mzaha wa sauti tu. Haina siri ya ukoo ndani yake. Mtu yeyote anaweza kuisikia na kuicheza.

Hapa ndipo ninapoona akili ya Mandawuy. Msanii anayetaka kuwavutia wazungu hukimbilia kilicho kizito zaidi, kitakatifu, "cha kale". Yeye alichagua muziki wa pop wa baba zake. Kwa hiyo wimbo ungeweza kwenda popote, ukapigwa baa, ukakatwa, ukachezwa na walevi, na bado hakuna jambo takatifu ambalo lingevunjwa. Wengi hutaja mchango wa Kelly na Garrett. Uamuzi huu wa Mandawuy ni wa kiufundi kuliko mchango wao wote.

Wageni walipewa kazi inayowafaa. Kelly anajua kuandika ubeti wa Kiingereza unaosimulia kama mtu anayezungumza; Garrett anajua kugeuza siasa kuwa kibwagizo ambacho umati unaweza kukipokea. Walifanya hayo katika upande wa Kiingereza, na Kigumatj kikabaki mikononi mwa wenye Kigumatj. Kwenye orodha ya watunzi majina yao yamo pamoja na ya wanabendi, Wayolngu na Balanda. Hakuna aliyeandikwa "mwanamuziki wa kienyeji" asiye na jina.

Linganisha na lililotokea mwaka uliofuata upande wa pili wa bahari. Kundi la Kifaransa Deep Forest lilitoa wimbo uliojengwa juu ya sauti ya Afunakwa, mama wa Visiwa vya Solomon aliyeimba wimbo wa kumbembeleza mtoto mbele ya kinasa sauti cha mtafiti. Wimbo ulipendwa dunia nzima. Yeye hakushirikishwa, na wasikilizaji wengi hawakujua hata ni sauti ya kutoka wapi. Pale hakukuwa na meza kabisa.

Mkasi

Filthy Lucre hawakuwa wezi. Bendi iliiridhia kazi yao, toleo la baadaye la albamu ya "Tribal Voice" liliibeba rimiksi hiyo, na katika tuzo za ARIA, tuzo kuu za muziki za Australia, za mwaka 1992 wimbo ulitajwa kuwa wimbo bora wa mwaka na pia singo bora ya mwaka. Kimuziki nadhani walisikia kitu ambacho toleo la kwanza lilikuwa limekifunika kwa magitaa, yaani kwamba djatpangarri ni muziki wa kucheza. Mapigo ya bilma yanakaa juu ya ngoma ya klabu bila kusukumwa. Yidaki, yenye mvumo mmoja mrefu unaobadilika ndani kwa ndani, inafanya ambacho besi ya sinthesaiza ilikuwa ikijaribu kufanya. Vijana wa St Kilda, mtaa wa Melbourne, walikuwa wakicheza muziki wa vijana wa Yirrkala wa enzi za babu, na walioelewa hivyo walikuwa Wayolngu.

Kilichobanduliwa ni karatasi. Kiitikio cha kudai mkataba kilibaki, Kigumatj kikabaki, lakini ubeti wa Kiingereza uliosimulia ahadi na kusema ardhi haijawahi kuuzwa ulitoweka kwa sehemu kubwa. Mwaka 1963 Canberra ilisoma karatasi na kuona michoro kuwa pambo. Mwaka 1991 klabu zilichukua michoro na kuacha karatasi. Vyombo viwili tofauti kabisa, bunge na disko, vikafanya kitendo kimoja: kutenganisha vitu ambavyo Wayolngu walivifunga pamoja kwa makusudi.

Wachambuzi wa muziki nchini Australia waliliona mapema. Mnamo 1993 tayari kulikuwa na maandishi ya kitaaluma yaliyosema kwamba rimiksi, pamoja na video yake, iliwaonyesha Waaborijini kama watu wa mbali, wa kupendeza na wasiotisha: ngozi iliyopakwa rangi, ufuo wa bahari, watoto wakicheza. Hoja hiyo ina nguvu, ila nadhani inawasahau wasikilizaji wa aina moja. Kwa Mwaborijini wa mtaa wa Redfern mjini Sydney au wa mji wa Alice Springs, kusikia Kigumatj kikitoka kwenye redio ya gari ya mtu mwingine hakukuwa jambo la kupendeza tu. Lugha ambazo shule na misheni nyingi ziliwakataza watoto kuzisema zilikuwa sasa zinazunguka kati ya tangazo la bia na habari za michezo. Hilo nalo ni siasa, hata kama halimtaji Hawke. Mimi nasita kuiita rimiksi usaliti.

Lakini pia nasita kukubali utetezi wa kawaida kwamba "walau ujumbe ulifika". Ujumbe upi? Neno la mkataba lilifika, ndiyo. Sababu yake haikufika. Katika miaka hiyohiyo ya sifa, baa moja ya Melbourne ilikataa kumhudumia Mandawuy, mtu ambaye sauti yake ilikuwa ikivuma katika klabu za mji huohuo na ambaye alitajwa kuwa Mwaustralia wa Mwaka wa 1992. Kupenda sauti ya mtu na kumkubali mwenye sauti ni mambo mawili.

Ukitaka kujua kwa usahihi tofauti ya ushirikiano wa kwanza na wa pili, usiitafute katika nia. Nia zote zilikuwa njema. Itafute katika swali la nani alishika mkasi. Kelly na Garrett waliongeza. Filthy Lucre walipunguza, na kupunguza ni uamuzi juu ya maana. Anayeongeza ubeti anaweza kuulizwa papo hapo, "huu unasema nini?" Anayeondoa ubeti haulizwi kirahisi, kwa sababu kilichoondolewa hakisikiki. Ruhusa ya rimiksi ilitolewa kwa jumla, kama kawaida ya biashara ya muziki, na ndani ya ruhusa ya jumla mashairi huwa ni vipande vya sauti kama vingine.

Nani alikuwa na nguvu ya kusema hapana

Kisheria, mwaka 1991 hakukuwa na nguvu kubwa. Sheria ya Hakimiliki ya Australia ya mwaka 1968 inamtambua mtunzi anayejulikana, mtu au watu waliotajwa, na inampa haki ya kiuchumi: mirabaha, ruhusa, mauzo. Haki ya kimaadili ya mtunzi kupinga kazi yake isiharibiwe iliingizwa katika sheria hiyo mwaka 2000. Kelly, Mandawuy na wenzao wangetaka kulalamikia mistari iliyokatwa mwaka 1991, wangelazimika kutegemea mkataba wao na lebo na makubaliano ya kiungwana. Haionekani kama walitaka kulalamika. Lakini ushirikiano mzuri haupimwi kwa kuwa hakuna aliyelalamika. Unapimwa kwa kuwa mlango wa kulalamika ulikuwapo.

Na ukoo je? Djatpangarri ina historia ya vizazi kadhaa vya vijana wa Yirrkala. Orodha ya watunzi haiwezi kuwataja wote, na sheria haikuuliza. Mwaka 1998 Mahakama ya Shirikisho iliamua kesi ya John Bulun Bulun, mchoraji wa Waganalbingu wa Arnhem Land, ambaye mchoro wake ulikuwa umechapishwa kwenye vitambaa bila ruhusa. Jaji von Doussa alikataa kuupa ukoo sehemu ya hakimiliki, lakini akasema mchoraji ana wajibu wa uaminifu kwa ukoo wake, na kwamba akishindwa kuitetea kazi, ukoo unaweza kuingilia. Ni mlango mwembamba, na kesi yenyewe ilihusu picha. Mwanasheria Terri Janke, katika ripoti yake ya mwaka huohuo juu ya mali ya kitamaduni ya Waaborijini na watu wa Mlango Bahari wa Torres, alieleza kwa kirefu jinsi hakimiliki ya kawaida inavyoacha nje umiliki wa jamii.

Kwa wanamuziki hili si la nadharia. Anayealikwa leo kufanya kazi na wasanii wa jamii ya asili atafanya vizuri kuuliza mapema maswali machache yasiyopendeza. Sauti hii ni ya burudani au ya ukoo? Nani, mbali na anayeimba, anapaswa kuulizwa? Pesa zikija ziende kwa mtu au pia kwa mfuko wa jamii? Na, la muhimu kuliko yote katika kisa hiki: nani ataamua kitakachokatwa? Swali la mwisho huachwa kwa sababu wakati wa kutunga kila mtu anafikiria kuongeza. Lingeandikwa kwenye karatasi ya Filthy Lucre kwa mstari mmoja tu: mashairi yasiondolewe bila mwandishi wake kusikiliza na kukubali. Labda rimiksi ingetoka ndefu zaidi kwa sekunde 40, na labda isingefika nafasi ya 11. Hatari hiyo lazima ikubaliwe waziwazi.

Baadaye

Siasa yenyewe iliendelea kwa mwendo wake wa kuchechemea. Tarehe 20 Desemba 1991, siku moja baada ya chama chake kumwondoa, Hawke alifanya tendo lake la mwisho kama Waziri Mkuu: alitundika ubao wa Barunga katika jengo la bunge. Ulitundikwa ukiwa mzima, karatasi na michoro pamoja, na mkataba ukiwa haupo. Juni 1992 uamuzi wa Mahakama Kuu katika kesi ya Mabo ulifuta dhana kwamba ardhi haikuwa na mwenyewe kabla ya Waingereza. Garrett aliingia bungeni mwaka 2004 na kuwa waziri mwaka 2007. Mtunzi mwenza wa wimbo wa kudai mkataba aliketi katika baraza la mawaziri hadi 2013, mwaka 2008 serikali ikaomba radhi rasmi kwa vizazi vilivyoporwa, yaani watoto wa Waaborijini walioondolewa kwa nguvu kwa wazazi wao, na mkataba wa kitaifa haukuja. Katika kura ya maoni ya Oktoba 2023 takriban asilimia 60 ya wapiga kura walikataa hata chombo cha ushauri cha Waaborijini bungeni. Wimbo peke yake haukuweza kufanya kazi ambayo hata katiba imeshindwa kuifanya. Sioni haja ya kuulaumu kwa hilo.

Kimuziki kuna mrejesho unaofaa kutajwa. Gurrumul, yule kijana wa ala zote, alijitenga baadaye na kuimba peke yake, akishirikiana kwa miaka mingi na Michael Hohnen, mpiga besi mweupe wa Darwin. Albamu yao ya mwisho, "Djarimirri", ilitoka mwaka 2018, miezi kadhaa baada ya Gurrumul kufariki, na ikawa ya kwanza kwa lugha ya Waaborijini kushika nafasi ya 1 Australia. Humo manikay zimewekwa juu ya vinanda vya nyuzi vya okestra. Hakuna ubeti wa Kiingereza wa kukatwa, wala msikilizaji hadanganywi kwamba anaelewa kila kitu. Okestra inafuata mzunguko wa wimbo wa ukoo badala ya kuulazimisha uingie katika vipimo vyake. Kwangu hilo ni jibu la Wayolngu kwa mkasi wa 1991, ingawa hawakulitamka hivyo: weka katikati kitu ambacho kikiondolewa, hakuna wimbo unaobaki.

Kwenye sheria, mrejesho umekwama. Mwaka 2003 serikali ya Australia iliandaa rasimu ya kuzipa jamii za asili haki ya kimaadili ya pamoja juu ya kazi zinazotokana na mila zao. Rasimu ilisambazwa kwa watu wachache, ikakosolewa kwamba ilidai masharti mengi mno kabla haki haijatambuliwa, na haikupitishwa kamwe. Kwa hiyo mtunzi aliyeorodheshwa kwenye "Treaty" leo anaweza kupinga wimbo wake ukikatwa vibaya. Mzee wa Kigumatj ambaye jina lake halimo kwenye orodha hawezi, isipokuwa apite katika mlango ule mwembamba wa Bulun Bulun na kumshawishi jaji kwamba wimbo unaochezwa klabu nao unaingia humo.